Gari la Farasi, Telega na Sani: Uga wa Maana wa Vyombo Vyepesi vya Kirusi na Tatizo la Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kirusi unaohusu vyombo vyepesi vya kukokotwa na farasi, vile vya magurudumu na vile vya kuteleza juu ya theluji, na kuulinganisha na msamiati wa Kiswahili ambao kwa vyombo hivyo una jina moja tu la jumla, yaani gari la farasi. Hoja kuu ni kwamba tofauti hii si ya wingi wa maneno tu. Katika fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 jina la chombo hubeba taarifa kuhusu majira, njia, cheo na hata ukweli wa msafiri. Taarifa hiyo ikipotea katika tafsiri, maana ya matini nayo hupungua. Mwishoni makala yanapendekeza utaratibu wa kuziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Neno gari liliingia katika Kiswahili kutoka Kihindi, ambako lilitaja chombo cha magurudumu kinachokokotwa na mnyama. Motokaa ilipoenea katika karne ya 20, jina hilo liliihamia, na fahiwa yake ya awali ikalazimika kufafanuliwa kwa kivumishi cha a-unganifu: gari la farasi, gari la ng'ombe. Kwa hiyo kile kilichokuwa maana ya msingi ya neno kimekuwa maana ya pembeni inayohitaji nyongeza ili ieleweke.

Msamiati wa Kiswahili unaohusu farasi umegawanyika kwa namna ya kuvutia. Maneno ya kumpanda farasi, kama vile farasi lenyewe, lijamu na hatamu, yana asili ya Kiarabu na yamekaa muda mrefu katika tendi zinazosimulia vita. Kumbukumbu za Sayyida Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaonyesha kuwa kupanda farasi kulikuwa sehemu ya malezi katika nyumba ya Sultani wa Unguja. Msamiati wa kumfunga farasi kwenye chombo ili akikokote, kwa upande mwingine, haukukua. Sababu yake ni ya kimazingira kabla ya kuwa ya kiisimu: katika sehemu kubwa ya bara, ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o haukumruhusu farasi kustawi. Kazi ya kubeba mizigo ilifanywa na watu, na pwani na visiwani punda alishiriki. Kazi ya kukokota ilipohitaji jina, Kiswahili kilitumia kitenzi chake chenyewe na kupata mkokoteni kutokana na -kokota.

Lugha haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa na jina la kitu ambacho wasemaji wake hawakukitumia. Tatizo hujitokeza pale matini ya jamii nyingine inapofasiriwa. Mfasiri wa Pushkin, Gogol au Chekhov, awe anafasiri moja kwa moja kutoka Kirusi au kupitia Kiingereza, hukutana na majina saba au manane ya vyombo na kwa yote huwa na kisawe kimoja mkononi. Makala haya hayatathmini tafsiri yoyote iliyokwisha kuchapishwa. Lengo lake ni kuonyesha ni nini hasa kilichomo ndani ya majina hayo, ili uamuzi wa mfasiri uwe na msingi.

2.0 Vyombo Vyenyewe

2.1 Vyombo vya kuteleza

Katika Urusi ya kale majira yalibadili barabara. Masika na vuli, theluji ilipoyeyuka au mvua iliponyesha, njia za udongo ziligeuka tope zito lililonasa magurudumu. Wakati wa baridi theluji iliyoshindiliwa ilifunika mashimo na visiki, na mito iliyoganda ikawa njia pana zisizo na mlima. Safari ndefu na mizigo mizito kwa hiyo ilisubiri baridi. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye kwake kiangazi ndicho msimu wa safari, hana budi kuugeuza mtazamo wake: kwa mkulima wa Kirusi theluji ilifungua njia.

Chombo cha majira hayo ni sani. Umbo lake ni sahili: miti miwili mirefu, iliyopindwa kwa mvuke hadi ncha za mbele zikainuka, imeunganishwa kwa vigingi na mbao za kukingama. Hakuna ekseli, hakuna gurudumu, wala hakuna chuma kinacholazimika kutumika. Chini ya jina hili la jumla kuna aina nyingi. Drovni ni jukwaa tupu la kubebea magogo, na jina lake linatokana na neno la Kirusi lenye maana ya kuni. Rozvalni ni pana na ya chini, nyembamba mbele na inayopanuka kuelekea nyuma. Abiria hukaa au hulala juu ya nyasi kavu. Kibitka ina paa la kumkinga msafiri, na jina hilo hutumika pia kwa chombo cha magurudumu chenye paa. Salazki ni sani ndogo inayoweza kuvutwa kwa mkono, nayo huchezewa na watoto.

Ukale wa sani unadhihirika katika desturi za mazishi. Kumbukumbu za kale za Kiev zinaeleza kwamba Mwanamfalme Vladimir alipofariki mwezi Julai mwaka 1015, mwili wake uliwekwa juu ya sani na kupelekwa kanisani, ingawa ulikuwa wakati wa joto. Takriban karne moja baadaye Vladimir Monomakh, aliyefariki mwaka 1125, aliandika wasia kwa wanawe na kujieleza humo kuwa mtu anayeketi juu ya sani, kwa maana ya mtu aliyekaribia kifo. Chombo kilichotangulia gurudumu kilibaki katika ibada baada ya gurudumu kuzoeleka, na kutokana na ibada kikaingia katika nahau.

2.2 Vyombo vya magurudumu

Telega ndiyo gari la mkulima: magurudumu manne, mwili wa mbao na ekseli ambazo kwa karne nyingi zilikuwa za mbao na kupakwa lami ya miti ili zisiungue kwa msuguano. Haina springi. Jina lake huhusishwa na lugha za Kituruki na Kimongolia za mbuga za kusini na mashariki, na linapatikana katika utenzi wa kale unaohusu kampeni ya Mwanamfalme Igor ya mwaka 1185, ambamo magari ya watu wa mbugani yanasikika yakilia usiku. Yeyote aliyewahi kusikia ekseli ya mbao isiyopakwa mafuta anafahamu kuwa kulia huko si tamathali tupu.

Droshki ni chombo chepesi cha mjini. Jina linatokana na droga, mti mrefu unaounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Katika umbo lake la mwanzo abiria alikaa juu ya ubao mwembamba uliolazwa juu ya mti huo, mara nyingi kwa kuupandia kama anayepanda farasi. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja au wawili. Brichka, neno lililotoka Kipolandi, ni kigari cha safari chenye paa linalokunjwa, na baadhi yake zilikuwa na springi. Tarantasi ni chombo cha masafa marefu: mwili wake umewekwa juu ya miti mirefu inayonesanesa kati ya ekseli mbili zilizo mbalimbali, na unesaji huo wa miti ndio unaochukua nafasi ya springi. Mwaka 1890 Chekhov alipovuka Siberia kuelekea kisiwa cha Sakhalin, sehemu kubwa ya safari yake ya nchi kavu aliifanya kwa tarantasi.

2.3 Duga na troika

Kipengele kinachotambulisha ufungaji wa farasi wa Kirusi ni duga, upinde wa mbao unaosimama juu ya shingo ya farasi. Upinde huo haukuwekwa kwa ajili ya pambo. Ncha zake hufungwa kwenye miti miwili ya pembeni inayotoka kwenye chombo, na hapohapo hufungwa kwenye pete nene iliyo shingoni mwa farasi. Kwa kuwa umepindwa kwa nguvu, hutanua miti hiyo, huiweka mbali na mbavu za mnyama, na hupunguza mishtuko ya njia isifike mabegani mwake. Kengele hutundikwa chini yake. Mji wa Valdai, ulioko kwenye njia kati ya Moscow na St. Petersburg, ulijulikana kwa kengele hizo.

Troika hueleweka vibaya mara kwa mara kuwa aina ya sani. Kwa Kirusi neno hili linatokana na namba tatu, na linataja farasi watatu waliofungwa sambamba, wawe wanakokota sani, telega au brichka. Farasi wa katikati, aliye chini ya duga, hukimbia kwa mwendo wa mchapo. Wawili wa pembeni hufungwa kwa kamba, hugeuza vichwa nje na kwenda shoti. Ufungaji huu ulihusiana sana na huduma ya posta, ambayo vituo vyake viliitwa yam, neno lililorithiwa kutoka mfumo wa wajumbe wa dola ya Wamongolia. Katika kila yam farasi waliochoka walibadilishwa. Ikumbukwe kuwa neno troika si geni kabisa katika Kiswahili cha leo: hutumika katika habari za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika kwa uongozi wa nchi tatu. Wasikilizaji wachache hufikiria farasi wanapolisikia.

3.0 Sifa za Kisarufi na Kisemantiki za Majina Haya

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa na mwanaisimu. La kwanza ni idadi. Sani, drovni, rozvalni, salazki na droshki kwa Kirusi ni nomino za wingi tu. Hazina umoja, hata pale chombo kinachotajwa ni kimoja. Nyingi za nomino hizi hutaja kitu kilichoundwa kwa sehemu zilizooanishwa, kama ilivyo kwa mkasi au miwani. Kiswahili nacho kina nomino zisizo na umoja wa kawaida, kwa mfano maji, mate na maziwa, lakini msukumo wake wa kisemantiki ni tofauti, kwani nyingi hutaja vimiminika na si vitu vyenye sehemu pacha.

La pili ni chanzo cha jina. Majina yaliyoelezwa hapo juu yameundwa kutokana na shehena (drovni), umbo (rozvalni), kiungo muhimu (droshki) au idadi ya wanyama (troika). Hakuna hata moja kati ya hayo manne linaloundwa kwa kuongeza kivumishi juu ya jina la jumla. Kiswahili hufanya kinyume: huanza na jina la jumla na kulifinya kwa a-unganifu. Njia hii ni angavu, lakini hutoa virai virefu, na kirai kirefu kinachorudiwa mara ishirini katika hadithi huchosha. Matokeo yake mfasiri hukifupisha, na anapokifupisha hurudi kwenye gari.

4.0 Majina Yanapohama

Historia ya majina ya vyombo vyepesi inaonyesha kuwa husafiri mbali kuliko vyombo vyenyewe. Mfano bora unatoka Hungaria. Katika karne ya 15 kijiji cha Kocs, kilichoko kwenye njia kati ya Vienna na Buda, kilipata sifa kwa gari jepesi la abiria. Gari hilo liliitwa kocsi, yaani la Kocs. Jina lilienea: Kijerumani kikapata Kutsche, Kiitaliano cocchio, Kifaransa coche na Kiingereza coach. Wanafunzi wa Kiingereza wa karne ya 19 waliligeuza kwa mzaha kuwa jina la mwalimu wa faragha anayembeba mwanafunzi mpaka avuke mtihani, na kutoka hapo likaingia michezoni. Kiswahili kikalipokea kama kocha. Kwa hiyo kila anayemjadili kocha wa timu ya mpira anatamka, bila kujua, jina la kijiji cha Hungaria. (Neno kochi, la kukalia, halina uhusiano na asili hii.)

Droshki nayo ilihamia magharibi: Kipolandi kina dorożka na Kijerumani Droschke, jina ambalo katika karne ya 20 lilitumika hata kwa teksi za motokaa.

Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja ya makala haya ni mwelekeo wa pamoja wa mabadiliko ya maana. Kocsi kwa Kihungaria cha leo ni motokaa katika mazungumzo ya kawaida. Araba kwa Kituruki, ambayo zamani ilikuwa gari la kukokotwa, leo ni motokaa. Gari kwa Kiswahili limepita njia hiyohiyo. Lugha tatu zisizo na nasaba moja zimechagua kuliachia jina la zamani chombo kipya. Tofauti ni kwamba Kihungaria na Kituruki zina rekodi ndefu ya vyombo vya farasi, na maana ya zamani bado inaungwa mkono na matini na makumbusho. Kwa Kiswahili maana hiyo ilikuwa na maisha mafupi na mizizi michache. Ilipofunikwa, haikubaki na mahali pa kujihifadhi.

5.0 Ushahidi wa Matini

Je, upungufu huu una athari gani kwa msomaji? Matini tatu zinatosha kujibu swali hilo.

Katika sura ya 5 ya Yevgeni Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin iliyochapishwa nzima mwaka 1833, ubeti mmoja unaoeleza kuingia kwa baridi una vyombo vitatu vya kuteleza. Mkulima anafungua njia kwa drovni, kibitka ya posta inapita kwa kasi, na mtoto wa watumishi anamkalisha mbwa ndani ya salazki huku yeye mwenyewe akijifanya farasi. Ubeti umepangwa kwa ngazi: kazi, safari na mchezo, mtu mzima maskini, msafiri wa barabara kuu, na mtoto. Vyombo vitatu vikifasiriwa kwa jina moja, ngazi hiyo inaporomoka na msomaji anabaki na picha ya msongamano wa magari.

Matini ya pili ni tamthilia ya Gogol iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1836, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Katika tendo la kwanza meya anaharakisha kwenda kumwona mgeni anayedhaniwa kuwa mkaguzi. Bobchinsky anaomba kwenda naye. Meya anamwambia kuwa droshki haitawatosha, naye anajibu kuwa atakimbia nyuma yake kama jogoo mdogo. Kichekesho hiki kinasimama juu ya udogo wa droshki. Ikiwa mtazamaji anawazia gari kubwa lenye viti, kauli ya meya inakuwa uongo wa dharau, na Bobchinsky anakuwa mjinga tu. Kwa kweli meya anasema jambo la haki, na kicheko kinatokana na tamaa ya Bobchinsky isiyojali haki hiyo.

Mwishoni mwa tendo la nne mgeni huyo, Khlestakov, anaondoka. Meya anashangaa kuona mtu mkubwa kama yeye akisafiri kwa perekladnaya, chombo cha posta kinachobadilishwa kila kituo, ambacho kwa kawaida kilikuwa telega isiyo na springi. Khlestakov anajibu kuwa springi humuumiza kichwa. Meya, badala ya kutia shaka, anaagiza zulia la Kiajemi litandikwe. Hapa chombo ndicho ushahidi. Ofisa mkubwa wa St. Petersburg angekuwa na gari lake mwenyewe lenye springi. Ukweli wote uko mbele ya macho ya meya, na anaufunika kwa zulia. Tafsiri inayosema tu kwamba Khlestakov alipanda gari la farasi inamnyima mtazamaji nafasi ya kuona kile ambacho meya anakataa kukiona. Kosa la namna hiyo haliharibu sentensi yoyote. Sarufi inabaki sahihi na mazungumzo yanaendelea. Kinachoondoka ni kejeli yenyewe.

Matini ya tatu ni Nafsi Zilizokufa ya mwaka 1842. Riwaya inaanza kwa kueleza brichka ndogo yenye springi inayoingia mjini, na msimulizi anawataja mara moja watu wa aina ambao husafiri kwa chombo hicho: makapera, maofisa wastaafu wa jeshi, wenye mashamba wa hali ya kati. Chichikov bado hajatajwa kwa jina, lakini msomaji ameshajua ngazi yake. Wakulima wawili wanaotazama wanajadili kama gurudumu lake lingefika Moscow au Kazan. Mtu aliyemo ndani hawamjadili. Sehemu hiyohiyo ya kwanza inamalizika kwa troika ambayo inageuzwa kuwa mfano wa Urusi nzima inayokimbia kusikojulikana. Riwaya imefungwa kati ya kigari cha tapeli na troika ya taifa, na msomaji makini anakumbuka kuwa ni chombo kilekile.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, utaratibu wa ngazi tatu unapendekezwa.

Ngazi ya kwanza ni kuendelea kutumia gari la farasi kwa dhana ya jumla, pamoja na kigari cha farasi kwa vyombo vyepesi. Kiambishi ki- cha udogo huweza kubeba dharau, na mfasiri anaweza kunufaika nacho: dharau kidogo inafaa kabisa kwa brichka ya Chichikov.

Ngazi ya pili ni kuunda jina la jumla la chombo cha kuteleza, kwa kuwa kukiita gari kitu kisicho na gurudumu ni kumpotosha msomaji. Kitenzi -teleza kinatoa malighafi ya kutosha. Umbo kitelezi lingewezekana, lakini linafanana mno na majina ya watendaji kama kinyozi na kiongozi. Umbo kitelezeo linafaa zaidi, kwani linafuata njia iliyokwisha zoeleka: kama ambavyo -cheza hutoa -chezea na kichezeo, ndivyo -teleza inavyotoa -telezea na kitelezeo, yaani kitu cha kutelezea.

Ngazi ya tatu ni kukopa majina mahususi pale jina linapofanya kazi katika matini: telega, droshki, brichka, kibitka, tarantasi, troika na sani. Yote yanakubaliana na mfumo wa sauti wa Kiswahili kama ulivyo sasa. Konsonanti pacha za mwanzo zimezoeleka katika maneno kama treni na brashi, na mfuatano uliomo katika droshki unapatikana katika mushkili. Majina haya yote yataingia katika ngeli ya I-/ZI-, ambayo haitofautishi umbo la umoja na la wingi. Kwa bahati njema ngeli hiyo inazipokea nomino za wingi tu bila usumbufu: sani hii na sani hizi zote zinakubalika. Sani litafanana kimatamshi na kitenzi -sani chenye maana ya kubuni, lakini nafasi ya nomino katika sentensi huondoa utata.

Ukopaji huo usiambatane na tanbihi ndefu. Inatosha jina lifafanuliwe mara moja ndani ya matini, kwa mfano droshki, kigari cha watu wawili, kisha liachwe lijitegemee. Katika tamthilia, ambako mtazamaji hasomi tanbihi, ufafanuzi huo unaweza kuwekwa katika maelekezo ya jukwaa na kuonekana katika kifaa chenyewe kinachotengenezwa kwa maonyesho.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba majina ya vyombo vyepesi vya Kirusi hujenga uga wa maana uliopangwa kwa vigezo vya majira, kazi, umbo na cheo, na kwamba waandishi wa karne ya 19 waliutumia uga huo kama chombo cha usimulizi. Kiswahili, kwa sababu za kimazingira na kihistoria, kina jina moja ambalo limekwisha kuhamia kwenye motokaa. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa nyenzo za Kiswahili chenyewe, yaani unyambuaji na ngeli zake, na kwa ukopaji wa kiasi. Istilahi za sayansi na utawala zimepewa uzito mkubwa katika taasisi za Kiswahili, na ni haki. Hata hivyo, msamiati wa vitu vya kawaida vya jamii nyingine, kama magurudumu, matandiko, vyakula na mavazi, umeachwa mikononi mwa mfasiri mmoja mmoja, ambaye huamua peke yake na mara nyingi kwa haraka. Kukusanya na kuoanisha maamuzi hayo ni kazi inayofaa kufanywa na wanafunzi wa uzamili wa tafsiri, matini kwa matini, kabla kila mfasiri mpya hajalazimika kuianza upya.